Karani wa Wajir

Garissa,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa mikono yote miwili. Goti lako linasemaje tangu baridi ya Wundanyi ianze? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeshamgawia jirani nusu chupa? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anawasumbua? Sisi huku ni wazima. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na pua imeungua jua mpaka inabanduka. Usishtuke ukimwona.

Barua hii inaletwa na Mwalimu Mghoi, yule tunayefundisha naye, anayekwenda likizo kwao Mgange. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu dukani. Najua utasema, "Mtoto huyu hunipigia simu kila Jumapili, barua ya nini tena?" Mama, kwenye simu wewe huuliza swali la pili kabla sijajibu la kwanza. Haya ninayotaka kukueleza yanataka ukae, uvae miwani, usome mpaka mwisho, kisha ndipo useme. Baba atapanda basi Jumapili. Nataka karatasi hii imtangulie.

Kwanza nikiri jambo moja. Nina wivu, mama. Nimejaribu kuuita uchovu, nikajaribu kuuita joto, lakini ni wivu mtupu, na nimekuwa nao tangu Ijumaa iliyopita. Wewe ndiwe uliyekuwa ukisema zamani kwamba barabara ya Wajir ni mke mwenzio. Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Sasa nimeisafiri barabara hiyo pamoja naye, na sicheki tena.

Unajua nimekaa huku mwaka wa saba sasa na baba hakuwahi kuja. Alipokubali safari hii nilifurahi kama mtoto. Shule zilikuwa zimefungwa, nikachukua daftari nikaandika juu kabisa: "Mahali pa kumwonyesha Baba." Nikaorodhesha daraja la Tana, twiga wanaolindwa nje ya mji, soko la ngamia, visima vya Wajir, na kila kitu ambacho wageni hupiga picha njiani. Nikamwomba Bare, dereva ambaye hutubeba sisi walimu tukiwa na safari, atupeleke kwa siku nne. Nilitaka baba aone kwamba binti yake anaishi mahali penye mambo, na kwamba anapajua.

Siku ya kwanza tulianza na twiga. Mama, wale wanyama ni wazuri kupita maelezo, ngozi yao kama imefunikwa wavu mweupe, nao hukusogelea bila woga mpaka unasikia wakitafuna. Mimi nilishika mdomo. Baba akawatazama kidogo, akasema, "Hawa walikuwa wakitusimamisha barabarani saa nzima," kisha akarudi garini. Darajani nilimwonyesha mamba amelala mchangani kule chini. Akauliza, "Barabara ya Modogashe bado inatokea pale pale?" Kwenye soko la ngamia alimsikiliza muuzaji mmoja, akatikisa kichwa, akasema ngamia wa siku hizi ni wadogo. Daftari langu likaanza kuniudhi.

Kesho yake asubuhi tulishika njia ya kaskazini. Baba alikaa mbele na Bare, mimi nyuma pamoja na mtungi wa maji na mkate. Hatujafika mbali, baba akaanza kusema.

Nasema akaanza kusema, mama. Baba! Huyu ambaye mimi na wewe siku moja tulimhesabia maneno tangu asubuhi mpaka jioni, tukapata kumi na moja, na mawili kati ya hayo alimwambia ng'ombe. Alisema mpaka koo likakauka. Alionyesha kila laga, ile mito mikavu inayojaa maji siku moja kwa mwaka, akaitaja kwa jina. Akaonyesha mgunga mmoja uliopinda, akasema hapo ndipo lori lilizama matope akakaa siku tisa akila tende na maziwa aliyokuwa akiletewa na wachungaji. Akaonyesha kona, akaonyesha jiwe, akaonyesha mahali ambapo zamani palikuwa na kichuguu na sasa hapana. Bare alikuwa akipiga usukani kwa kicheko.

"Oday," alimwambia, maana ndivyo wanavyowaita wazee huku, "wewe najua hii barabara kuliko mimi. Samani ilikuwa mchanga tubu, saa hii lami iko. Wewe ndio baba ya barabara."

Baba akafurahi. Mimi nikainama mbele nikamwuliza, "Baba, mwaka huo ulipokwama siku tisa, mimi nilikuwa darasa la ngapi?"

Akafikiri. "Ulikuwa umezaliwa?"

Nilikuwa darasa la tano, mama. Ndio mwaka niliokuwa wa kwanza wilaya nzima, ukanisimamisha mlangoni nimngoje na cheti mkononi. Kichuguu anakikumbuka. Nilirudi nikakaa, nikatazama dirishani, nikavionea wivu vichaka. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, nikivionea wivu vichaka.

Modogashe tulisimama kwenye kizuizi, polisi kijana wa kutoka bara akatukagua vitambulisho. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, na hata hapo mzee mmoja kipofu aliisikia sauti ya baba akamwita, "Taita!" Ndilo jina lake njia hii yote. Hakuna anayemjua kama Baba Wakesho wala Baba Righa. Ni Taita tu, kana kwamba kwao hakuna mtu anayemngoja.

Tulifika Wajir alasiri. Huko nikasema sasa atanyamaza ashangae. Visima vya kale vimechimbwa ndani ya mwamba, punda wanapanga foleni na madumu, na maji yanatoka na ladha ya chumvi. Majengo ya zamani ni ya jiwe jeupe linalouma macho. Kuna nyumba moja ambayo wakoloni waliijenga mfano wa chombo cha baharini, hapa ambapo bahari iko mbali siku mbili, wakawa wanakaa ndani wakinywa na kujidanganya. Nilikuwa nimejitayarisha kumsimulia haya yote kwa ufasaha. Nikageuka, baba hayupo.

Nilimkuta ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la simu, akizungumza na wauza miraa watatu. Alikuwa anauliza habari za Karani.

Sasa hapa, mama, ndipo utulie.

Karani unamkumbuka, nani nyumbani asiyemkumbuka? Baba hakwenda shule, nawe ulilijua hilo tangu uchumba. Anasoma namba, anasoma mabango ya barabarani, anaandika jina lake. Barua zake zote za miaka ile aliyoendesha lori kati ya Garissa na Moyale aliandikiwa na mtu mmoja wa Wajir, naye baba alikuambia ni karani tu, rafiki yake, mwenye mwandiko mzuri. Ulikuwa ukitusomea zile barua jikoni. Kila ulipojibu uliandika mwishoni, "Nisalimie Karani." Mwaka mmoja ulimfumia sweta la rangi ya damu ya mzee, ukamtilia baba kwenye mzigo, ukasema, "Mwanamume mwema kama huyo asipigwe na baridi ya alfajiri."

Wale vijana wa miraa walitazamana. Mmoja akauliza, "Karani gani, oday? Halima Karani?"

"Huyo huyo," baba akasema. "Halima."

"Huyo mama alihama. Kibanda yake ndio hii duka ya simu. Saa hii iko Buna, kwa binti yake."

Nilisimama katikati ya barabara mpaka punda akanisukuma na mkokoteni wake. Karani ni mwanamke, mama. Miaka yote ile ulikuwa ukimsalimia mwanamke.

Kwenye hoteli nilimwuliza kabla hata hatujanawa mikono. "Baba, Karani ni mwanamke?"

"Ni Karani."

"Nakuuliza, ni mwanamke?"

Akamega anjera, akaichovya polepole kwenye mchuzi. "Kalamu haina mke wala mume," akasema. "Kesho twende Buna."

Chakula kilinishinda. Nilishika simu nikupigie, nikaitazama namba yako, nikaiweka chini. Ningekuambia nini? Zile barua ndizo zilizonifanya nikaipenda lugha hii mpaka nikaifundisha. Wanafunzi wangu nimewaambia mara nyingi kwamba mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuisikia ni ule wa mwaka wa njaa, aliposema: "Mke wangu, leo nimeona wingu moja tu, nikalifuata siku nzima kwa kuwa lilikuwa linaelekea upande wenu." Sasa nikawaza, kumbe wingu hilo lilitoka kichwani mwa mwanamke mwingine. Mama alikuwa anapendwa na nani hasa?

Tukaenda Buna. Njia ni mbovu na vumbi linaingia hata mfukoni. Bare, kwa kuwa alijua nina daftari la vivutio, alinionyesha kilima, akaniambia mahandaki ya vita vya Mwingereza na Mwitaliano yako huko, na kwamba wageni hupenda kuyapiga picha. Sikuinua hata macho. Baba alikuwa amechana nywele. Alichana nywele, mama, kwa kitana cha Bare, akijitazama kwenye kioo cha pembeni. Nilitamani kitana kivunjike.

Halima Karani alikuwa ameketi barazani kwa binti yake. Ni mzee kama wewe, mwembamba, amejitanda mtandio wa kahawia, na miwani yake nene imefungwa uzi upande mmoja. Mbele yake alikaa mama mfugaji na karatasi ya kuombea mtoto nafasi ya shule, naye Halima alikuwa akimjazia, herufi moja moja, kwa mwandiko ule ule. Niliutambua kabla sijamtambua yeye mwenyewe. Ile "k" yenye mkia.

Aliinua kichwa, akamtazama baba juu ya miwani kwa muda. Kisha akasema, "Taita. Bado hujajifunza kuandika?"

Na baba akacheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka akashika nguzo.

Akanigeukia mimi. "Na huyu ndiye Wakesho? Yule aliyeangukia jiwe la kusagia?" Akanyoosha kidole, bila kubahatisha, kwenye kovu langu la paji la uso. Nikarudi nyuma hatua moja. Sikupenda kovu langu lijulikane na mtu nisiyemjua.

Tulikaribishwa kama ndugu, siwezi kusema uongo. Tulichinjiwa mbuzi. Halima akauliza habari zako kwa jina, akauliza za Righa, akauliza kama bomba la maji lilifika kwetu hatimaye au bado unateka kisimani. Kila alichouliza alikuwa amekijua kutoka kwenye barua zako. Ndiyo, mama. Nani unadhani alikuwa akimsomea baba majibu yako? Kila ulichokiandika usiku ukilia ukadhani unamwambia mumeo peke yake, kilipita kwanza kwenye macho na ulimi wa Halima. Niliposema hivyo mbele yake, kwa ukali, alikubali kwa kichwa. Wala hakujitetea.

Baada ya chakula, mkwe wake aliwachukua baba na Bare kwenda kuyaona yale mahandaki. Nilibaki barazani na Halima. Sikuzunguka.

"Mama Halima," nikamwambia, "ulimpenda baba yangu?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Abaayo, dada yangu, wewe ni mwalimu kweli. Unauliza kama mtihani." Kisha akasema, "Nilikuwa na mume. Alikuwa anakaa pale pale kibandani, mimi nauza chai, yeye anauza sigara. Ile sweta ya mama yako aliivaa yeye mpaka viwiko vikatoboka. Watu wakimwuliza, anasema, nimeshonewa na mke ya Taita."

"Sikuuliza habari za sweta."

"Najua." "Mimi niliandikia madereva wengi. Wengi walikuwa wanasema, 'Karani, andika tu kama kawaida, mwambie mimi mzima.' Wanakunywa chai, mimi natunga. Wake zao walikuwa wanasoma maneno yangu. Baba yako hakukubali. Alikuwa anakaa mbele yangu, macho chini, anatoa neno moja, anangoja niliandike, anatoa lingine. Chai inapoa. Nikiongeza langu anauliza, 'Hilo umelitoa wapi? Futa.'"

"Na lile la wingu?"

Akacheka. "Tuligombana kwa hilo wingu! Nilimwambia, Taita, upepo leo unatoka kwenu unakuja huku, wingu haliwezi kwenda kwenu. Akagonga meza. 'Andika.' Nikaandika." Akavaa miwani yake. "Unataka ukweli? Niliona wivu. Sio kwa baba yako. Kwa mama yako. Mume wangu alikuwa amesoma, anajua kalamu kuliko mimi, na tangu anioe mpaka nimzike hakuniandikia hata mstari. Mimi nikawa nakaa pale, natia mkono wangu kwenye barua ya mwanamke mwingine."

Labda wewe utafurahi kusikia hayo. Mimi sikufurahi. Nilipaswa kuridhika, nikashindwa, kwa sababu niliona jambo lingine. Wewe uliyasoma maneno yale, mama. Yeye aliyasikia. Aliyasikia kwa sauti ya baba, akimwona mdomo, akimwona anavyolitafuta neno na kulipata. Wewe umeishi naye miaka yote hii na hujayasikia hata siku moja, na sisi wanawe hatukupata hata makombo. Tulidhani ni mtu asiye na maneno. Kumbe alikuwa nayo tele, ila alikuwa akiyaacha Wajir.

Kuna moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Ukitaka pumzika kidogo kwanza, unywe maji.

Halima aliniuliza, "Na kaburi la Mwadime, bado mnalitunza?"

Sikuwa nimelisikia jina la mdogo wangu likitajwa na mtu wa nje tangu tumzike. Nilikuwa na miaka tisa. Unakumbuka baba alivyorudi wiki nyingi baadaye, akaweka mfuko wake chini, akaenda kaburini, akasimama, akarudi, akaomba maji ya kuoga. Hakutoa chozi. Usiku ule nilikusikia ukimwambia shangazi, "Huyu mtu barabara imemla moyo." Nami nililishika neno hilo. Nimekua nalo. Niseme kweli yote, hata siku nilipomletea orodha yangu ya twiga na madaraja, chini kabisa nilikuwa nataka nione kama kuna kitu chochote duniani kinachoweza kumgusa.

Mama, barua yako ya msiba ilimkuta anarudi kutoka Moyale. Halima ndiye aliyeifungua. Anasema alisoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, akafunga barua, akamwambia baba, "Taita, kunywa chai kwanza." Baba akamwambia, "Soma." Akasoma. Baba alimwambia asome tena. Akasoma tena. Kisha akaanguka pale sakafuni, katikati ya meza na magunia, akalia mpaka madereva wengine wakatoka nje kwa haya. Halima alifunga kibanda siku tatu. Mumewe alimwosha uso baba kama mtoto. Baba alikuwa akirudia kwamba hakuwahi kumwona Mwadime akitembea.

Na barua aliyokujibu, ile fupi kupita zote, uliyosema imeandikwa kama na mtu aliyekuwa na haraka? Halima anasema ilichukua siku nzima. Kila akisema neno alikuwa hawezi kulimaliza.

Kwa hiyo machozi ya ndugu yangu yalikuwepo. Yalimwagika kwenye sakafu ya watu, mbele ya mwanamke aliyekuwa akiuza chai, nawe uliyemzaa Mwadime hukuonyeshwa hata tone. Ningemwonea nini Halima kama si wivu? Nilimchukia dakika ile, na nilikuwa nimekalia mkeka wake na nyama yake ikiwa tumboni mwangu. Alinishika mkono sikuutoa, lakini sikuufumbata wake.

Tukiwa njiani kurudi baba alitaka tena kumsimulia Bare habari za mawe yake. Kabla hatujafika Wajir nilimwambia Bare asimamishe gari. Akasimamisha pembeni, akashuka, akasema anaangalia magurudumu. Ni mtu mwenye akili.

Nikasema, "Baba, Halima ameniambia ya Mwadime."

Hakugeuka. Niliona shingo yake tu.

"Kwa nini ulilia kule, na nyumbani ukaomba maji ya kuoga?"

Akasema, "Nilipofika, mama yako alikuwa amesimama kwa nguvu za kuazima. Ningelia angeanguka. Wajir hapakuwa na mtu wa kuangusha."

"Na baadaye? Mwaka uliofuata? Mwaka huu? Miaka yote hii hukumwambia hata neno."

Akayasugua magoti yake kwa viganja. "Nyumbani Karani hakuwepo," akasema.

Nililia, mama. Sijui nilikuwa namlilia nani kati yenu. Baba alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaupapasa mkate, akaupapasa mtungi, mpaka akanipata goti. Akakiacha pale kiganja chake. Bare aliporudi aliendesha bila kuwasha redio.

Hayo yalikuwa Jumamosi. Kesho yake tukarudi Garissa, na tangu hapo tuko nyumbani kwangu. Anakaa kibarazani, anawatazama watu wakipita na mikokoteni, kila mara ananiuliza leo ni siku gani. Punde hivi aliponiona na karatasi alisogeza kiti.

"Unamwandikia mama yako?"

"Ndiyo."

"Umemwambia ya Karani?"

"Nimemwambia yote."

Aliguna. Nami hapo, mama, nikafanya jambo nililokuwa nimelitamani tangu Buna. Nilichukua karatasi mpya, nikaiweka kwenye magoti, nikamwambia, "Sema, baba. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwandiko wangu si mbaya. Sema chochote unachotaka kumwambia, neno kwa neno. Sitaongeza langu." Nilikuwa nimeishika kalamu kama mtoto anayengoja imla. Nilitaka, hata mara moja tu kabla hatujazeeka sote, maneno yake yapite mkononi mwangu. Nilitaka niwe Karani.

Baba aliangalia kalamu. Akaangalia barabara. Akafungua mdomo, nami nikaweka nukta ya kwanza ya wino. Akaufunga.

"Acha," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Nikangoja labda ataghairi. Hakughairi. Akainuka akaenda kufua shati lake la safari.

Basi ninakuomba, mama. Jumapili usiku akishuka pale stendi, Righa amchukue. Akifika usimpokee na maswali ya mizigo wala ya Halima. Mpe kiti, mpe maji, watoe watu jikoni, kisha ukae karibu naye unyamaze. Najua kunyamaza ni kazi kubwa kwako. Atakaa kimya. Atashika magoti. Utadhani ameshindwa, utataka umsaidie neno, au uinuke ukoroge ugali. Usiinuke. Halima amenifundisha kwamba chai lazima ipoe.

Usiniambie baadaye alisema nini. Nitakuuliza, nitakubembeleza kwenye simu, nawe usiniambie. Yatakuwa yako, na umeyangoja vya kutosha.

Nisalimie Righa na wifi yangu, na huyo mtoto wao anayeota meno. Msalimie shangazi, mwambie lile neno la barabara na moyo tulirudishe. Mjomba fundi cherehani mwambie suruali aliyomshonea baba imemkaa vizuri, Bare ameisifu. Babu wa kanisani, anayepiga kengele, mpe mkono wangu. Na ukipita kaburini kwa Mwadime, ng'oa magugu upande wangu pia.

Mimi nitakuwa huku kibarazani, na kiti kimoja kitupu, nikikuonea wivu.

Binti yako,
Wakesho